Maganda ya Muheza na Tezi za Shangazi

Mmeniomba niwaandikie nyinyi vijana wa maabara mambo ya kazini, na katibu wenu akanipa mpaka mfano wa kufuata: lini niliajiriwa, nilipanda vyeo gani, nilikwenda semina zipi. Hayo yote yamo kwenye faili langu, tena kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Miye nitaandika yale ambayo faili halina nafasi yake. Na nitaandika kama ninavyosema. Anayetaka Kiswahili cha kufunga tai, pale ofisini wapo wengi.

Niliingia hospitalini kufagia. Ilikuwa miaka ile ya kufunga mkanda, sabuni inatafutwa kama mchumba, na mtu akiona foleni anaunga kwanza ndiyo anauliza wanauza nini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, darasa la saba, mtoto wa Mabawa, Tanga, na kwa mdomo wangu nusu ya mtaa tulikuwa hatusalimiani. Siku ya kwanza nikapewa chumba cha mwisho cha maabara, kile cha nyama. Msimamizi aliyenipeleka aliishia mlangoni, akaninyooshea kidole ndani, akaondoka akiwa ameziba pua. Ndani palikuwa na mzee mmoja mwembamba, mkono mmoja wa miwani umefungwa kwa uzi, ananoa kisu kwenye mkanda wa ngozi uliofungwa dirishani. Huyo ndiye Mzee Semkiwa, Mbondei wa Muheza, na kila ninachokijua katika kazi hii nimekipata kwake au nimekipata kwa kumbishia.

Nikampa shikamoo. Akaitika marahaba bila kuinua macho. Nikafagia. Nilipofika karibu na meza akaniambia nisipumue. Nikadhani mzee ana dharau, nikaanza kutafuta jibu la kumfaa, halafu nikaona. Mezani palikuwa na bakuli la maji ya uvuguvugu, na juu ya maji umeelea utando wa nta mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Ndani ya utando, akaniambia, mna kipande cha titi la mama mmoja wa Pangani. Nikamwambia mbona sioni kitu. Akasema, ndiyo kazi yenyewe.

Nyinyi mnazo mashine zinazopika zenyewe, kwa hiyo niwaeleze tulivyokuwa tukifanya. Nyama ikitoka kwa mpasuaji inalowekwa fomalini isioze. Halafu inatolewa maji kwa spiriti, inatolewa spiriti kwa zailini, dawa kali ya kuyeyushia mafuta, inapikwa kwenye nta mpaka inakuwa kama kipande cha mshumaa. Hicho ndicho kinachokatwa kwa kile kisu kilichonolewa nusu siku. Ule utando unauokota kwa kioo, unaukausha, unautia rangi ya zambarau na ya waridi, daktari anatazama kwenye hadubini anasema ni kansa au si kansa. Hatua kumi na kitu, na ukikosea moja tu, mgonjwa anaitwa akatwe tena. Ndiyo maana Mzee alikuwa hapendi watu wanaopumua ovyo.

Shida kubwa ilikuwa kuifanya nyama ishike kwenye kioo. Gundi ya dukani hakuna. Mzee alitengeneza yake: ute wa yai, gliserini, anachuja kwa kitambaa. Mayai tulileta kwa zamu kutoka nyumbani, na zamu yangu ikifika kuku wangu walikuwa wanajua kuchagua siku ya kugoma. Kiini hatukukitupa. Kilikaangwa palepale, kwenye jiko la kuyeyushia nta, jambo ambalo siku hizi lingewapeleka kwenye kamati ya nidhamu.

Kukata nilijifunza kwa kutazama. Miezi sita nilifagia chumba kile kuliko chumba chochote cha hospitali, mpaka sakafu ikaanza kuchimbika. Siku moja Mzee akasogea, akaniachia kiti. Nikakata, utando ukakunjamana kama kanga iliyolaliwa. Nikakata tena. Siku ya tatu nikaing'oa ncha ya kisu. Mzee alinirudisha kwenye ufagio siku mbili, siku ya tatu akaleta kisu kingine, kwa hiyo nikajua nimeajiriwa. Kizungu nilijifundisha kwa kamusi isiyokuwa na jalada, iliyoanzia herufi B. Maneno ya A mpaka leo nayabahatisha.

Daktari wa kusoma slaidi alikuwa bingwa mmoja kutoka Dar, anakuja mara moja kwa mwezi, na barabara ikikatika haji. Kati ya safari na safari, Mzee alisoma mwenyewe na kuandika majibu kwa penseli. Bingwa akija anatazama, anapitisha kalamu juu ya penseli kuthibitisha. Ile kalamu kuifuta penseli ya Mzee nimeiona mara chache sana. Kulikuwa na daktari mmoja kijana, mgeni, akawa anamwita Mzee fundi mishumaa. Nilimfuata wodini, nikamweleza mbele ya wagonjwa wake kilichonikaa moyoni kuhusu yeye, masomo yake na kwao. Nikaandikiwa barua ya onyo. Nikampelekea Mzee nikitegemea ataniambia ahsante. Aliisoma, akaigeuza, akaona nyuma haijaandikwa kitu.

"Itunze," akasema. "Karatasi nzuri hii, haipatikani."

Katika kesi zote za miaka ile, nitawapa moja tu mpate picha. Zahanati moja ya pwani ilituletea uvimbe kutoka shingoni kwa mtu, umefungwa kwenye jani la mgomba, ndani ya kopo la maziwa. Fomalini hawakuwa nayo. Muuguzi, mtu mwenye akili zake, akauhifadhi kwa njia anayoijua tangu utotoni: aliupasua mistari, akaupaka chumvi na ndimu. Ulikuja tayari kwa kukaangwa. Mzee aliutazama muda mrefu, akasema hautasomeka lakini hautaoza. Tukaupitisha kwenye hatua zote vilevile, ukatoka slaidi kama mkeka uliochomwa moto. Nilicheka sana. Nimewaandikia hili mjue kwamba siku ile nilimcheka mtu aliyetumia elimu ya jikoni kwenye kansa.

Sasa nije kwenye lile ninalotaka kulisema.

Alasiri moja Mzee aliniwekea slaidi mbili, moja baada ya nyingine. Ya kwanza, seli za kansa zimejazana, zimeshikana bega kwa bega kama safu za swala. Ya pili, seli moja moja, zimefuatana msururu, zinapita katikati ya nyama kama siafu. Akaniuliza tofauti. Nikamwambia hizi zimeshikana, zile zimeachiana. Akasema basi nusu ya elimu ya kansa ninayo. Kila seli, akasema, ina vitu vidogo juu ya ngozi yake vya kushikia mwenzake, ndivyo vinavyofanya mtu awe mtu badala ya uji. Kansa ikikaa pale ilipozaliwa, mpasuaji ataitoa. Inayoua ni ile inayoachia mwenzake, ikaingia kwenye njia za maji ya tezi au za damu, ikafika mapafuni au kwenye mfupa, ikashika tena huko. Nikauliza, na mtu akizifunga mikono zisishike? Akasema wapo Wazungu wanaoliuliza swali hilohilo, tena wameajiriwa kwa kazi hiyo.

Halafu mambo yakafunguka. Ruksa, kila mtu akaruhusiwa kuleta na kuuza. Mitumba ikaingia, sabuni ikaja ya rangi tatu, na fomalini ikawa inauzwa na muuza rangi wa Barabara ya Nane, mtu ambaye hakuuliza unaitaka ya nini. Bingwa naye akaja na maboksi mawili ya majarida ya nje ambayo maktaba moja ilikuwa inayatupa. Miye nikayabeba kama mahari. Kila saa ya chakula nikawa nasoma, kamusi huku, muhogo huku.

Ndipo nikakuta makala kuhusu vile vitu vya kushikia. Walikuwa wanatafuta njia za kuviziba, ili seli iliyosafiri ifike mahali ikose pa kushika, ipite tu mpaka ife. Walitaja dawa nyingi za majina marefu. Katikati yake wakataja kitu kinachotoka kwenye maganda ya machungwa. Kilipewa panya, na kansa ikapunguza kusambaa.

Nilisoma neno chungwa nikaacha kusoma.

Mnaoijua Tanga hamna haja ya kuelezwa. Msimu wa machungwa ya Muheza ukifika, maganda ndiyo lami yetu. Muuzaji anakumenyea palepale, ganda linadondoka chini, unaondoka na chungwa lako. Miye nikaona Mungu ametuwekea dawa barabarani na sisi tunaitelezea.

Na siku zilezile alikuja Shangazi. Shangazi Mwanajuma wa Kigombe, dada wa baba yangu, ndiye aliyenilea mama alipofariki. Alikuwa akikaanga samaki pale kijijini, mikono imejaa makovu ya mafuta, na alikuwa mtu pekee duniani aliyeweza kuniambia nyamaza nikanyamaza. Akaniita chumbani, akateremsha kanga, akanionyesha titi. Kidonda hakuna, uvimbe tu, wa ukubwa wa kokwa ya tende. Alikuwa nao tangu Ramadhani. Nikampeleka kwa mpasuaji, akakatwa kinyama, Mzee akakisoma: kansa. Lakini ilikuwa ya zile za safu ya swala, bado zimeshikana. Mpasuaji akasema titi litoke mapema, akampa Jumatatu ya wiki iliyofuata.

Shangazi aliogopa kisu. Mnajua wanavyosema huku kwetu, kansa ikiguswa na chuma inatawanyika. Mtu mwingine angemwambia huo ni uzushi. Miye nilikuwa nimesoma nusu ya makala. Nikaketi nikafikiri, nikapata jawabu lililoniridhisha kabisa: basi tuzifunge mikono kwanza, halafu tukate. Miezi miwili ya maji ya maganda, seli zikose pa kushika, ndipo aingie mpasuaji. Zikitawanyika zitatawanyika bure. Nikamweleza Shangazi, na miye nikieleza kitu, naeleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Mzee wako anajua?"

Nikamwambia anajua.

Mzee nikamwambia Shangazi amepata msiba Pemba, amesafiri, akirudi atapangiwa siku nyingine. Mpasuaji nikamwambia hivyohivyo. Watu wawili waliokuwa wakiniamini, uongo mmoja ukawatosha wote.

Wiki tisa. Kila Ijumaa nilikusanya maganda sokoni kwenye gunia, wauzaji wakadhani nimeanza kufuga mbuzi. Nilikuwa nikiyachemsha usiku, Mzee akishaondoka, kwenye tanuri ya nta ya maabara, kwa sababu ndiyo yenye moto usiopanda wala kushuka, halafu nachuja kwa kile kitambaa cha ute wa yai. Jumamosi napeleka dumu Kigombe. Shangazi alinipokea vizuri, akaweka dumu uvunguni, akaniandalia chakula, akanisifu mbele ya majirani. Mwanangu huyu anafanya kazi na madaktari, alikuwa akisema. Mwanangu ananitengenezea dawa kwa mkono wake. Nikawa narudi mjini kichwa kimegusa mawingu. Nikiushika ule uvimbe niliona kama umepungua. Kwa vidole vyangu, hebu fikirini, miye niliyekuwa nikiwafokea wauguzi kwa kupima kitu kwa macho.

Jumatatu ya wiki ya tisa nilichelewa, na Mzee akafungua tanuri kabla yangu. Nilipoingia alikuwa amekaa, sufuria niliyoisahau mle iko mbele yake, amechomeka kijiko na kijiko kimesimama wima. Akaniuliza ni nini. Nikaona siku yangu imefika. Nikaleta jarida, nikalifungua mezani, nikamweleza yote toka panya mpaka Muheza. Mpaka na Shangazi, kwa sababu wakati huo nilikuwa naona fahari. Alinisikiliza akalivuta jarida kwake. Akasoma tangu juu. Mzee alikuwa akisoma polepole, kidole chini ya mstari, na makala ilikuwa na kurasa saba. Nilisimama muda wote.

"Uliishia ukurasa gani?" akauliza.

Nikamwonyesha.

Akafunua wa pili yake, akaweka kidole. Ganda kama lilivyo, hata ukilichemsha, halikuzuia kitu. Walilolisifia ni lile lililovunjwavunjwa maabara kwa magadi na tindikali mpaka likawa kitu kingine kabisa, na hilo nalo kwa panya tu, na panya wengi walikufa. Chini zaidi wakasema kazi hii ina ugumu wake, maana vitu vya kushikia vya kansa ni ndugu wa vile vinavyoshika ngozi na mishipa ya mtu mzima wa afya. Ukifunga mikono yote, hujui utaangusha nini.

"Umepika jamu," Mzee akasema. "Tena haina sukari."

Nikaanza kubisha. Nikasema uvimbe umepungua, nimeushika mwenyewe. Alivua koti la maabara akavaa la kwake, akaniuliza kama lori la mkonge la saa nne bado linapita njia ya Kigombe. Ile ndiyo siku pekee niliyomwona Mzee Semkiwa akiacha kisu hakijafutwa.

Tulimkuta Shangazi jikoni. Mzee alikataa kiti, akakaa kwenye kinu kilicholazwa, akamwambia, "Dada, huyu mtoto amekosea, na miye sikumchunga. Nimekuja kukuomba uende ukakatwe." Hakusema neno jamu, hakusema neno uongo. Shangazi alinitazama. Nilikuwa nimetazama mafuta kwenye kikaango. Akasema haya, akazima moto, akamwita jirani aje amalizie samaki.

Alikatwa wiki ileile. Mpasuaji alitoa titi na mafuta ya kwapani pamoja na tezi zake, akavileta kwenye ndoo yenye jina. Tezi za kwapani ndiyo kituo cha kwanza cha seli zinazosafiri. Zikiwa safi, mgonjwa ana nafuu kubwa. Zikiwa na wageni, habari ni nyingine. Kwa hiyo kilichokuwa kinangojewa kilikuwa kimoja tu, na kilikuwa ndani ya ndoo ile.

Maabara yetu ilikuwa na mwiko: nyama ya ndugu yako hukati, slaidi ya ndugu yako husomi. Lakini wakati huo mkono wa Mzee ulishaanza kutetemeka, na mwenye mkono wa kukata nilibaki miye. Akasema nitakata, yeye atasoma, mwiko tutaugawana. Niliyapekua yale mafuta kwa vidole kama anayechambua mchele, nikapata tezi kumi na moja. Nyingine kama choroko, nyingine kama harage. Nikaziloweka, nikazipika, nikazikata. Sijawahi kukata vizuri kama siku ile. Hakuna utando hata mmoja uliokunjamana. Nimewahi kujiuliza kama nilikuwa najipendekeza kwa zile tezi.

Mzee akasoma asubuhi. Slaidi kumi na moja, zilimchukua mpaka adhuhuri. Akaandika kwa penseli, akaifunika karatasi kwa kiganja, akasimama, akanionyesha kiti chake.

"Soma."

Nikamwambia mwiko. Nikamwambia ni Shangazi yangu.

"Dawa ulimpa," akasema. "Na majibu yasome."

Nikakaa. Ya kwanza safi. Ya pili safi. Nilikuwa nasema kwa sauti, kama alivyonifundisha, yeye amesimama nyuma yangu. Ya tatu, nne, tano, safi. Nikaanza kwenda haraka, akanigusa bega, nikapunguza. Ya nane, chini kidogo ya ukingo, palikuwa na kundi. Dogo, kama ubani uliomwagika. Si seli za pale. Kubwa, zenye viini vyeusi, na zimeshikana vizuri kabisa, bega kwa bega, kama zimezaliwa hapo. Nikainua jicho kutoka kwenye hadubini. Mzee akasema endelea. Nikasema tezi ya nane, seli ngeni, za kutoka titini. Akasema tatu zilizobaki? Nikasoma zote. Safi. Akaondoa kiganja kwenye karatasi. Penseli yake ilikuwa imeandika hivyohivyo, na bingwa alipokuja mwisho wa mwezi alipitisha kalamu juu yake bila kusita.

Kumwambia Shangazi nilikwenda mwenyewe. Mzee hakuniambia niende, aliniuliza tu kama viatu vyangu ni safi, maana wodi ilikuwa imedekiwa. Alikuwa amekaa kitandani, upande mmoja wa kifua bendeji, anamfundisha mgonjwa wa jirani namna ya kukaanga nguru asiachie ngozi. Akaniona uso, akamwambia yule jirani ngoja kidogo.

"Zimefika?"

"Zimefika, Shangazi. Kwenye tezi moja."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa bei na akaona si mbaya sana. Nikaanza kumwomba radhi. Nikamweleza ukurasa ulivyokuwa, nikamweleza yale maji hayakuwa dawa, nikamwambia kama asingekunywa akaenda Jumatatu ile...

"Sikunywa," akasema.

Nikadhani sikusikia.

"Nilikunywa siku mbili. Machungu yale, mwanangu, hata ng'ombe hanywi. Yote nilikuwa namwagia migomba."

Nikamuuliza, sasa kama hukuyaamini, mbona hukuja hospitali? Mbona ulikaa wiki tisa?

Alivuta kanga akajifunika ule upande uliokatwa.

"Ulikuwa ukija na dumu lako umefurahi," akasema. "Majirani wote nimewaambia unanitengenezea dawa. Ningekuja kukatwa, ningekuwa nimesema mbele za watu kwamba hujui kazi. Miye ndiye niliyekulea, niseme maneno hayo?"

Nilikuwa na majibu ya kila kitu, maisha yangu yote. Nikamuuliza migomba imekuwaje, sijui kwa nini nilimuuliza hivyo. Akasema iko vilevile.

Alipelekwa Dar akachomwa mionzi, akapewa vidonge vya kumeza kila siku. Aliishi miaka sita. Mitano alikaanga samaki, na kila aliyeulizia kovu aliambiwa kwamba mwanawe ndiye aliyeiona ile kansa kwa hadubini, jambo ambalo ni kweli, na sehemu iliyobaki hakuisema kwa mtu. Mwaka wa sita ikaonekana mapafuni. Mzee Semkiwa alishastaafu, akaja mazikoni Kigombe kwa fimbo, akakaa na wazee wa Kiislamu mwanzo mpaka mwisho na kitabu chake cha sala mfukoni.

Siku hizi nawasikia mkizungumzia zile dawa za kuziba vitu vya kushikia. Nyingi zilizokuwa zinasifiwa zamani ziliishia kwa panya, nyingine zimewafaa watu, kwa magonjwa ambayo hata hayakuwa kansa. Someni, msiogope, lakini someni mpaka ukurasa wa mwisho, na mgonjwa wenu awe amekwenda kwa mpasuaji kabla hamjafungua ukurasa wa kwanza. Hasa kama anawapenda. Anayewapenda atawangoja.

Mmoja wenu aliniuliza siku ya kuniaga kama kuna kesi ambayo sijaimaliza. Nikacheka nikamwambia hakuna. Ipo. Zile slaidi kumi na moja bado zimo kwenye sanduku la mbao, kabati la pili, namba mtaiona. Ya nane nimeitoa kila mwaka nikaitazama. Rangi imefifia, lakini lile kundi bado linaonekana. Nataka kujua kama zilifika tezini kabla ya ile Jumatatu, au ndani ya zile wiki tisa. Nimebadilisha lenzi, nimebadilisha hadubini, nimemuuliza bingwa, nimemuuliza na bingwa aliyemrithi. Slaidi inaonyesha zimefika. Haionyeshi zilifika lini.